Re: Faili la .ost la Outlook halifunguki, barua zangu nitazipataje?

Pole sana, ndugu. Kabla ya yote funga Outlook, programu yako ya barua pepe, kisha nakili hilo faili la .ost kwenye diski nyingine. Nakala hiyo iwe akiba, jaribio likiharibu kitu.

Sasa, umesema akaunti ilishafutwa kwenye seva, na hapo ndipo penye kazi. Ingekuwa hai, ungebadilisha tu jina la faili, Outlook ingeshusha barua upya. Faili la .ost ni kivuli cha kilichoko kwenye seva, na limefungwa kwa profaili (mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook) iliyolitengeneza; ukilihamishia kompyuta nyingine halifunguki hata kama ni zima. Kwa hiyo kama profaili ya zamani bado ipo, usiifute! Zima intaneti, fungua Outlook kwa profaili hiyo, uhamishe barua kwenda faili la .pst, yaani faili la Outlook la kuhifadhia barua lisilotegemea seva.

Ikigoma, endesha SCANPST.EXE, programu ya kurekebisha mafaili ya Outlook, imo ndani ya folda ya Office. Irudie mara mbili tatu.

Programu za kulipia za kuokoa barua ziwe za mwisho. Mimi silipi mpaka toleo la majaribio linionyeshe barua zenyewe, si majina ya folda tu.