Unanunua shamba la misindano? Uliza urefu kabla ya unene

Wanaotaka kununua mashamba ya misindano (paini) Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, hunipigia simu wakianza na unene wa miti. Mimi nawarudisha kwenye mambo mawili: ina urefu gani, na ilipandwa mwaka gani? Unene unategemea mno mikono ya mwenye shamba. Ukibananisha miche, miti inakonda. Ukipunguza baadhi ya miti mapema, inayobaki inanenepa. Urefu wa ile miti iliyowapita wenzake haujali sana nafasi. Unafuata kina cha udongo, maji na baridi ya mahali, ndiyo maana wataalamu wa misitu hupanga ardhi kwa madaraja wakiangalia urefu katika umri mmoja, tuseme miaka 15.

Huna haja ya kupima shamba zima. Chukua kamba ya mita 11.28, zungusha duara: hapo una hekta 0.04. Ndani yake chagua miti minne minene kuliko yote, ukipima unene mita 1.3 kutoka ardhini; kwa kawaida ndiyo iliyowapita wenzake, na urefu wake ndio tunaoutaka. Ni sawa na miti 100 kwa hekta. Uliovunjika kilele uache, na kaa mbali na ukingo wa shamba. Simama mita 20 kutoka kwenye mti, usome kwa klinomita, kifaa cha kupimia mwinamo, asilimia ya kilele na ya kitako cha shina. Kilele kikiwa 81 juu ya jicho na kitako 9 chini yake, jumla ni 90. Asilimia 90 ya 20 ni mita 18. Kwenye miteremko yetu, hizo 20 ziwe za usawa, si za kamba iliyolala kufuata mlima.

Umri utafute kwa aliyepanda au kwa majirani. Kuna wanaohesabu duru za matawi, yaani matawi yanayotoka pamoja kuzunguka shina, lakini Pinus patula, aina ya msindano, hutoa zaidi ya duru moja kwa mwaka, kwa hiyo utauzeesha mti bure.

Sasa, mchoro wa ukuaji, yaani mstari unaoonyesha urefu wa miti kwa kila umri, ili ukisie urefu wa miaka 15 hata kama miti yako ina umri mwingine. Ule rahisi hudhani kwamba mti uliofikia robo tatu ya urefu wa mwenzake leo utabaki robo tatu siku zote. Mimi siuamini sana. Kwenye udongo mfupi miti huanza kwa kasi ileile ya jirani, kisha mizizi inagota mwamba na kasi ya kurefuka inapungua. Bondeni nako si lazima kuwe kuzuri, maana kinyungu, yaani shamba la bondeni, kinachotuama maji hudumaza msindano. Ukiweza, weka alama kwenye miti yako minne uipime tena baada ya miaka michache, uone inafuata mchoro upi.

Miti iliyo chini ya miaka mitano siipi daraja. Magugu na miche dhaifu bado vinaonekana kwenye urefu wake. Hapo napima shamba kongwe la jirani, lililo kwenye mteremko uleule na udongo uleule, ndipo tunazungumza bei.