Viungo Wako Wakizeeka, Usisubiri Wavue Viatu

Mgosi mmoja wa Makorora kaniandikia wiki iliyopita. Timu yake ya mtaa inaegemea viungo wawili, mmoja ana miaka 36, mwenzake 37, na vijana wameanza kununa. Anauliza: "Kocha, niwapumzishe sasa au nisubiri ligi iishe?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na mke wangu, nikamjibu kwamba mambo ya mpira hayajui.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nimefundisha timu Ngamiani misimu tisa. Tulibeba mbuzi wanne, na hakuna timu ya mtaa wetu iliyofika hapo kabla yangu. Siri ilikuwa katikati: fundi seremala mmoja na dereva mmoja wa daladala. Fundi alikuwa hakimbii, mpira ndio uliomfuata. Dereva alikimbia kwa ajili ya wote wawili. Kila kijana aliyekuja kwangu na kipaji cha kiungo nilimsukumia pembeni. "Subiri zamu yako," nikimwambia. Wawili walichoka kusubiri wakaenda kwa wapinzani.

Sasa, mdogo wangu anaishi Boston, Marekani, na yeye ndiye aliyeniambukiza mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mwanzoni niliona kichekesho, watu wazima wanateleza wakigombea kisahani cheusi. Lakini tazama senta wao. Ndiye anayesimama katikati mwamuzi anapoangusha kisahani, ndiye anayeshuka kuwasaidia mabeki, ndiye anayepandisha mashambulizi. Huyo ni kiungo, tena kiungo hasa.

Boston Bruins, timu ya magongo ya huko, walikuwa na masenta wawili, Patrice Bergeron na David Krejci, waliotwaa pamoja kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi yao, 2011. Dalili hazikukosekana. Mwaka 2021 Krejci alirudi kwao Cheki akacheza huko msimu mzima, na Boston ikahangaika kuziba nafasi yake. Aliporudi 2022, kila mtu akashusha pumzi. Msimu huo wakashinda mechi 65 kati ya 82, rekodi ya ligi nzima. Kwenye mtoano wakatolewa raundi ya kwanza na Florida Panthers, na walikuwa wakiongoza mechi tatu kwa moja! Julai 2023, siku moja baada ya kutimiza miaka 38, Bergeron akastaafu. Hazijapita wiki tatu, Krejci naye akaaga.

Ghalani kulikuwa na nini? Kule kila mwaka timu huchagua chipukizi wapya kwa zamu, raundi kwa raundi. Ili wabebe kombe msimu uleule, Boston walikuwa wamewapa timu nyingine zamu zao za raundi ya kwanza, ya 2023 na ya 2024, wapate wachezaji waliokomaa. Nawaelewa. Mimi ningetoa hata ya 2030.

Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika: mwaka wa kwanza bila wazee wale, Boston haikuanguka. Iliingia mtoano, ikamtoa Toronto. Watu wakasema pengo liko wapi? Kiangazi cha 2024 wakamsajili senta Elias Lindholm kwa mkataba wa miaka saba. Msimu uliofuata mtoano waliutazama kwenye televisheni. Pengo la kiungo linakuja kimyakimya, kama maji kupwa, unashtukia ngalawa imekaa mchangani.

Mimi nilishtukia kwenye nusu fainali. Dereva goti lilimgoma dakika ya ishirini, fundi akabaki peke yake, na aliyetufunga mabao mawili ni yule kijana niliyemwambia asubiri zamu. Alishangilia mbele ya benchi langu. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau.

Basi mgosi wangu, anza leo. Mpe kijana nusu saa kila mechi, hata mkiwa nyuma, hasa mkiwa nyuma. Mchezeshe ubavuni mwa mzee, si badala yake, ajifunze mzee anaangalia wapi kabla mpira haujamfikia. Halafu anza leo. Najua nimesema. Nasema tena kwa sababu utaahirisha, utasema baada ya mechi ijayo, na mechi ijayo haiishi. Sisi watu wa Tanga kumbukumbu tunaziweza: ubingwa wa Coastal Union wa 1988 unasimuliwa kwenye kahawa utadhani ni wa juzi. Kumbukumbu ni tamu, ila haikabi.

La mwisho ndilo gumu. Mwambie mzee uso kwa uso. Nenda kwake, kunywa chai yake, umwambie. Bergeron alichagua siku yake mwenyewe, akaandika barua ya kuaga, mashabiki wakalia. Fundi wangu hakupata hata salamu. Baada ya nusu fainali ile nilipanga kikosi kipya, nikakituma kwenye kundi la WhatsApp usiku, nikazima simu. Jina lake halikuwamo. Misimu tisa! Asubuhi nikakuta jezi yake kibarazani, imefuliwa, imekunjwa.

Mlango wangu wa uani umeng'oka bawaba tangu Januari. Nimeita mafundi wawili kutoka Chumbageni, wote wameuharibu zaidi. Yeye anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu.