Fomu yangu haijaziki kwa asiyeona: nianzie wapi?

SWALI: Natengeneza tovuti za mashirika madogo. Wiki iliyopita mtu asiyeona aliniandikia kwamba ameshindwa kujaza fomu ya usajili niliyoitengeneza. Nilishaweka pembeni kile kitufe chenye alama ya mtu, kinachokuza herufi na kubadilisha rangi, nikadhani kinatosha. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, aliyekuandikia amekufanyia hisani, maana wengi wetu hufunga ukurasa na kuondoka kimya. Mimi sioni tangu utotoni. Kompyuta naitumia kwa masikio: kisoma skrini hunitajia kilichopo, nami natembea kwa kibodi. Kitufe chako cha pembeni hakinifai kitu. Hata anayehitaji herufi kubwa mara nyingi ameshazikuza kwenye kifaa chake mwenyewe. Tatizo limo ndani ya fomu, na huko hakijagusa.

Niliwahi kujaza fomu ya kuomba masomo. Kila kisanduku kilisomwa "andika hapa", bila jina. Nikawa nakisia: hiki labda jina, hiki labda tarehe ya kuzaliwa. Mwishoni nikakuta vitufe viwili, vyote vikisomwa "kitufe", basi. Nikabonyeza cha kwanza. Kumbe ni cha kufuta. Kazi ya saa nzima ikapotea, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea maombi. Nililia.

Anayeona alikuwa na maandishi juu ya kila kisanduku. Mimi sikuyasikia kwa sababu kwenye msimbo, yale maelekezo ya kompyuta yanayounda ukurasa, hayakuunganishwa na kisanduku chake. Tumia label, alama ya msimbo inayobeba jina la kisanduku, na neno lililo kwenye for yake lilingane na id, yaani kitambulisho, ya kisanduku. Yale maneno ya kijivu ndani ya kisanduku hayachukui nafasi ya label. Mtu akianza kuandika yanatoweka, na hata mwenye macho husahau aliulizwa nini. Kitufe chenye mchoro mtupu, kama pipa au mshale, kipe jina. Kosa likitokea, sema kwa maneno ni kisanduku kipi na kina kasoro gani. Ukikipaka nyekundu tu, mimi sijui lolote, na asiyetofautisha nyekundu na kijani huenda asijue pia.

Na kwa kuwa unaandika Kiswahili, tazama mwanzo kabisa wa msimbo wa ukurasa, kwenye alama ya html. Violezo vingi huja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, na watu huviacha hivyohivyo. Basi kisoma skrini changu hushika sauti ya Kiingereza: "wake" inakuwa "weik", "pale" inakuwa "peil", na sentensi nzima inageuka kelele. Sauti ya Kiswahili ninayo, ila programu imeambiwa isiitumie. Andika lang="sw". Ni herufi mbili tu!

Rangi na picha sitakaa nazo sana. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1. Picha yenye habari iandikie maelezo kwenye alt, sehemu ya msimbo wa picha ambayo kisoma skrini huisoma; ya pambo tu, acha alt tupu ili nisipotezewe muda.

Leo hii chomoa kipanya, ujaze fomu yako kwa kitufe cha Tab mpaka uitume. Ukifika mahali hujui uko wapi, ujue umeondoa ule mstari unaozunguka kilichochaguliwa. Urudishe, maana wenye mikono inayotetemeka nao wanautegemea. Kisha pakua NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, naye haoni. Zima skrini, ujaribu tena. Mara ya kwanza utachanganyikiwa na ile sauti. Rudia kesho yake.

Ukishasahihisha, mwandikie yule bwana au bibi, umwombe aijaribu fomu upya, na umlipe kwa muda wake.