Taa ya senso inakula mawe? Kabla ununue mengine, soma hii

Huku Utawala, Nairobi, taa za senso (zile zinawaka zenyewe mtu akipita) zisizo na waya zimejaa kila geti, za mawe, yaani betri kavu, na za sola, na sababu inajulikana: stima ikipotea usiku hakuna mtu anataka kubaki giza, na pia hakuna mpangaji anataka kutoboa ukuta wa landilodi apitishe waya. Shida naisikia kila mara ni moja, mawe yanaisha haraka. Mtu anaweka mapya, muda si muda taa inawaka kwa uvivu, halafu inakataa kabisa, na hapo anaanza kulaani mwenye duka ati amemuuzia feki. Feki ziko, nitafika huko. Lakini kwa taa nimeangalia, yangu ya geti na za majirani, mara nyingi mawe hayana makosa. Taa inaamshwa sana, basi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua taa ndogo ya mawe matatu ya AA ya alkalaini, tuseme yana 2500 mAh, yaani kipimo cha chaji iliyo ndani (kuyapanga matatu kwa mstari kunaongeza volti tu, hizo mAh zinabaki zilezile). Tuseme ikiwaka inavuta miliampea 300. Ikiwaka sekunde 30 imekula 2.5 mAh, maana yake una kama mara 1000 za kuwaka kabla mawe yaishe. Ikiamshwa mara 10 kwa usiku, hiyo ni miezi mitatu na zaidi. Ikiamshwa mara 100, ni siku kumi tu na umerudi dukani. Na ikiwa imelala inavuta kidogo sana, hata miliampea moja haifiki kama ni nzima, kwa hivyo kulala si shida, shida ni kuamka.

Sasa nani anaiamsha? Lazima ujue senso inahisi nini. Haioni mwendo vile kamera inaona, inahisi joto linalohama, ile miale ya joto inatoka kwa mwili wa mtu au mnyama au injini. Ile plastiki nyeupe ya mbele ina vilenzi vidogo vidogo vinavyokata eneo vipande vipande, na kitu cha moto kikitoka kipande kimoja kuingia kingine taa inawaka. Ndio maana boda ikipita nje ya geti la grili inaiamsha kutoka mbali kuliko mtu wa miguu, juu injini ni moto ile mbaya. Yangu fundi aliifunga ikiangalia barabara moja kwa moja na huku kwetu boda hazilali, kila mteja wa usiku akishukishwa taa yangu inamsalimia.

Wengine wa kushuku: paka (hao ndio wengi), mbwa wa ploti, migomba na nguo kwa kamba zikiwa zimeshika joto la jua halafu upepo wa jioni unazipunga, mabati yakitingika, jiko la mama wa chapo kama liko mbele ya senso. Na watoto jameni. Watoto wakigundua taa inawaka ukipunga mkono, mchezo wa kila jioni umepatikana hapo na hakuna betri itaweza hao.

Kujua ni nani, toa kiti nje giza likiingia, kaa pembeni ambapo senso haikufikii, na uangalie tu. Nusu saa inatosha kukuonyesha mengi. Kama hutaki kukaa kwa baridi, kuna njia ya uvivu ambayo naipenda zaidi: weka mawe mapya, funika senso yote na kipande cha katoni, uishike na selotepu nyeusi ya mafundi wa stima, uiache hivyo kwa ule muda mawe huwa yanakufa. Yakibaki na nguvu, basi kilichokuwa kinayamaliza ni wapita njia. Yakiisha hata ikiwa imefunikwa, taa yenyewe inavuja stima ndani na hapo hakuna kugeuza kona kutasaidia, irudishe kama bado iko na waranti.

Ukishajua ni wapita njia, dawa ni rahisi. Inamisha taa iangalie chini, ardhi ya ndani ya kompaundi, isiangalie ng'ambo ya ukuta. Halafu kata selotepu nyeusi uzibe ule upande wa lenzi unaoangalia barabara, zibe kidogo, jaribu kutembea, zibe tena. Kama kuna kitufe cha kuzungusha cha nguvu ya senso, punguza, kompaundi zetu ni ndogo, hauhitaji ikuone kutoka mita kumi. Muda wa kuwaka uweke sekunde 15 au 20. Kitu watu hawajui ni kwamba senso inashika vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja, kwa hivyo ifunge pembeni ya njia, si mwisho wa njia, na hata ukiwa umepunguza nguvu bado itamshika mwizi.

Angalia pia kama inawaka mchana. Taa ya kwa korido au chini ya ngazi inadhani ni usiku saa zote juu kile kijicho cha mwanga hakioni jua, na kwa ploti ya orofa nne watu wanapita hapo kutwa nzima.

Sasa mawe. Yale ya bei ya chini ya kaboni, mengine yameandikwa hevi dyuti kabisa, ni sawa kwa rimoti na saa ya ukuta, kwa taa hayafai. Chukua alkalaini. Usichanganye zee na jipya, lile zee linaisha kwanza na likisukumwa zaidi linatapika ule unga mweupe, na unga ukishakaa kwa chuma za kushikia hata mawe mapya yataonekana yamekufa. Sugua na mswaki wa zamani wenye siki au ndimu, vaa glavu, kausha vizuri. Za kuchaji ni volti 1.2 badala ya 1.5, taa zingine zinazikubali, zingine zinafifia mapema zikidhani chaji imeisha, na hiyo si betri mbovu.

Kwa wenye sola hesabu ni ileile ila kuna mambo mawili ya Nairobi. La kwanza ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Mawingu yanakaa siku nzima, sola inachaji kidogo, na juu ya hiyo usiku ukiwa baridi joto la mtu linajitokeza zaidi mbele ya senso, kwa hivyo taa inashika vitu vya mbali kuliko kawaida. Unaingiza kidogo, unatoa mingi. La pili, hiyo miezi jua la saa sita linaegemea kaskazini, kwa hivyo taa iko ukuta wa kusini chini ya paa haioni jua hata siku likiwaka. Afadhali ile ya paneli ya kutenganisha na waya, paneli iende juu ya mabati, iinamishwe kidogo upande wa kaskazini. Na ipanguswe, vumbi la huku si mchezo.

Halafu modi. Ile ya kuwaka hafifu usiku kucha inapendeza lakini ndio inamaliza chaji kabla ya alfajiri, msimu wa baridi weka ile ya kuzima kabisa mpaka mtu apite.

Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, kutafuta betri ya sola, fungua ile ya zamani usome kwanza. Volti 3.7 na volti 3.2 si ndugu, chaja ya moja haifai nyingine na unaweza kuiharibu au isijae kamwe. Kwa saizi ya 18650, zile nzuri kabisa zinafika kama 3500 mAh, kwa hivyo ukiona imeandikwa 9900 rudisha mezani, hiyo lebo inadanganya.

Mimi siku hizi naandika tarehe kwa maka pen ndani ya kifuniko kila nikibadilisha mawe, juu kila mtu nikimuuliza aliweka lini ananiambia ni juzi tu.