Dawa yazuia kalsiamu, nami naambiwa nipunguze sodiamu: kwa nini?

SWALI: Natumia amlodipini kwa shinikizo la juu la damu. Karatasi ya dawa inasema inazuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa. Mbona basi nakatazwa chumvi, ambayo ni sodiamu? Na kwa nini vifundo vya miguu vimevimba?

JIBU: Ndugu msomaji, ioni hizo mbili (chembe zenye chaji ya umeme) hukutana kwenye utando wa seli za misuli laini inayozunguka ateri ndogo. Msuli ukitulia, kalsiamu huru nje ya seli huizidi ya ndani kama mara 10,000. Umeme wa utando ukibadilika, milango hufunguka na kalsiamu humiminika ndani. Hujishika na protini iitwayo kalmodulini, hiyo huamsha kimeng'enya kinachotia fosfeti kwenye mayosini, protini inayovuta msuli, na msuli hukaza. Amlodipini huziba milango hiyo.

Sodiamu huingilia upande wa kutoka. Seli ina protini inayotoa kalsiamu 1 kwa kuingiza sodiamu 3, na huweza hivyo kwa sababu sodiamu ya ndani ni chache. Anayeifanya iwe chache ni pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Pampu ikizubaa, sodiamu hujaa ndani, kalsiamu hukosa pa kutokea, na mshipa hubaki umekaza. Hapo sijagusa figo, ambazo chumvi ikizidi hubakiza maji mwilini. Kwa wengi hilo ndilo zito zaidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

Usidharau mkazo mdogo. Nusu kipenyo cha mshipa kikipungua kwa asilimia 10 tu, ukinzani dhidi ya mtiririko wa damu hupanda kwa takriban asilimia 50. Presha ikidumu miaka, ukuta hunenepa na njia hubaki nyembamba hata msuli ukilegea.

Uvimbe wa vifundo: dawa hufungua ateri ndogo zaidi ya inavyofungua vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), shinikizo kwenye kapilari, yaani vishipa vyembamba kabisa vilivyo kati yao, hupanda na maji huvuja. Kwa kuwa si maji yaliyobakizwa na figo, vidonge vya kukojosha havisaidii sana. Mweleze daktari, apunguze dozi au aongeze dawa ya kundi jingine. Usiache mwenyewe. Amlodipini huchukua wiki moja hivi kufikia kiwango thabiti kwenye damu, hivyo kipimo cha siku ya pili hakihukumu dozi mpya.

Chumvi mbadala yenye potasiamu? Ukiwa na ugonjwa wa figo au unatumia spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini), usiiguse bila kupima potasiamu ya damu.