Jibu la msomaji: Tazameni kwanza mbwa anapata nini

Swali la wiki lilitoka kwenye nyumba yenye mbwa dume wa miaka miwili, chotara wa German Shepherd, aliyeletwa kulinda. Mchana anashinda kwenye mnyororo bandani, usiku anafunguliwa. Siku hizi anawavamia wageni getini, anawarukia wenye nyumba kwa miguu ya mbele, anabweka mpaka majirani wamekwenda kwa mjumbe, na watoto hawathubutu kupita karibu na sahani yake. Fimbo imetumika, haikufua dafu. Mhariri akauliza: mbwa wa namna hii anarekebishika, au ndivyo alivyoumbwa?

Anarekebishika, kwa sehemu kubwa. Ila kabla ya kumgusa mbwa, kaeni chini mtazame anapata nini kila anapofanya fujo, maana mbwa hurudia kinachomlipa. Akiibwekea bodaboda ikapita, kwa hesabu yake yeye ndiye aliyeifukuza. Ingepita hata kama angekuwa amelala, lakini hilo yeye halijui. Akimrukia baba jioni, baba humsukuma kwa mikono miwili huku akimfokea: hapo ameguswa na amesemeshwa, mambo mawili aliyoyakosa tangu asubuhi. Mgeni akishtuka akarudi nje, huo nao ni ushindi. Fimbo inakuja imechelewa, tena inakuja na mtu yule yule anayemletea chakula, kwa hiyo anachojifunza ni kumwogopa mtu huyo tu.

Mnyororo nao una sehemu yake. Mbwa aliyefungwa kwenye mita moja na nusu hana pa kukimbilia anapoogopa, hivyo hubaki na njia moja, ya mbele. Kama ukuta au uzio haupo na lazima afungwe kwa sasa, tandazeni waya imara wa mita 10 au zaidi kati ya nguzo mbili, pete ya mnyororo iteleze juu yake, na muweke kizuizi nusu mita kabla ya kila nguzo ili asijizungushe. Kivuli na maji viwe ndani ya eneo analolifikia. Kisha atembezwe kila siku dakika 30 hadi 40 kabla jua halijachoma, kwa kamba ya mita mbili. Akivuta, simameni kama mti. Kamba ikilegea, endeleeni. Siku tatu za kwanza mnaweza msifike hata mwisho wa mtaa, na si neno. (Wapo bado wanaomlisha mbwa pilipili ili awe mkali. Anachopata ni tumbo kuwaka na kuharisha.)

Sasa geti, maana ndilo kiini cha swali. Tafuteni gunia kuukuu, kamba, watu wawili, na zawadi. Maini yaliyochemshwa bila chumvi, yakatwe vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, ndiyo bora. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi wanafaa pia, kila mmoja avunjwe mara mbili. Kikao kimoja kinakula vipande 40 hivi, hakizidi dakika tano, na viwe vitatu kwa siku. Mpunguzieni ugali wa jioni kwa kadiri hiyo, maana mbwa aliyeshiba hasikilizi. Zawadi imfikie ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo mnalolitaka. Ikichelewa hadi sekunde kumi mnakuwa mmelipa kitu kingine, pengine kule kujikuna kwake. Na kwa nyumba za Waislamu, ambako mate ya mbwa ni najisi, zawadi itupwe chini isitolewe mkononi. Mafunzo hayapungui kitu. Kwa zoezi hili kutupa ni bora zaidi.

Siku tatu za kwanza msikaribie geti kabisa. Tupeni kipande juu ya gunia. Akikanyaga, semeni neno moja, tuseme “gunia”, na mtupe kingine. Baada ya mara kumi au kumi na tano ataanza kwenda mwenyewe na kuwatazama. Hapo acheni kumlipa kwa kukanyaga tu, subirini akae au alale ndipo mumlipe, kisha mrefushe: sekunde tatu, tano, kumi, ishirini. Neno lisemwe mara moja. Likisemwa mara sita mfululizo atajifunza kuwa la sita ndilo lenye maana.

Halafu gunia lihamishiwe mita nne kutoka getini, mbwa awe kwenye kamba isiyofika geti. Mtu wa pili, akiwa ndani, agonge geti mara moja, polepole, na papo hapo kabla mdomo wa mbwa haujafunguka kipande kianguke kwenye gunia. Ngo, kipande. Ngo, kipande. Mkiona anasikia mlio na badala ya kulikimbilia geti anaangalia chini kwenye gunia, jambo limeanza kuingia. Akitulia mara nane katika kumi, ongezeni: kugonga kwa nguvu, kisha mlio wa komeo, kisha geti kufunguliwa shubiri moja, kisha mtu wa nyumbani kutoka na kuingia, kisha jirani anayemjua, mwisho mgeni kabisa. Akilipuka mahali fulani, mmekwenda haraka. Rudini hatua moja nyuma, msimgombeze. Kwa mbwa aliyekwishazoea kuvamia, hesabuni wiki nne hadi nane.

Watu wengi wanaharibikiwa hapa: jioni wanafundisha, mchana anakuja mleta gesi, geti linafunguliwa, mbwa anamvamia, mtu anakimbia. Kinacholipa mara moja moja ndicho kigumu kuliko vyote kukifuta. Kwa hiyo katika wiki zote hizo, mgeni wa kweli akigonga, mbwa aingizwe bandani kwanza, afungiwe kwa komeo, ndipo geti lifunguliwe. Kila mara, hata kama mgeni ni shangazi na anapiga kelele kwamba jua linamchoma.

Je, hatakuwa mbwa wa bure asiyelinda? Hapana. Ataendelea kubweka mtu akipanda ukuta usiku wa manane, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuwa mtu wa ukutani huleta maini. Anayevamia kila kiumbe kwa kawaida ni mwoga, na woga wake mara nyingi una chanzo cha mapema: mbwa huizoea dunia kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake, na kutoka kwa mama yake na ndugu zake ndiko anakojifunza kupima nguvu ya meno. Wale watoto wa mbwa wa wiki nne wanaouzwa kwenye boksi barabarani wamekatishwa darasa hilo. Chukueni mtoto wa wiki nane au zaidi, na msimfungie bandani miezi mitatu kwa kuogopa atazoea watu.

Kuruka ni kazi nyepesi kuliko zote. Anaporuka, mpeni mgongo, kunjeni mikono, msiseme hata “acha”. Miguu yote minne ikigusa chini, geukeni mumsalimie kwa sauti ya chini. Siku mbili tatu za mwanzo atazidisha, ataruka juu zaidi na kuvuta shati. Ni kama mtu anayebonyeza swichi mara nyingi umeme ukikatika. Mkilegea siku hiyo, mmemfundisha kuwa dawa ni kuzidisha.

Kubweka kunataka daftari kabla ya dawa. Kwa siku saba andikeni saa, kilichokuwepo, alibweka dakika ngapi, na nini kilimnyamazisha. Mara nyingi kurasa mbili zinatosha kuonyesha kuwa kubweka “usiku kucha” ni vipindi vitatu vyenye sababu tatu tofauti. Kulia wakati wa adhana ya alfajiri ni kuitikia sauti ndefu, na huisha ikiisha; mwacheni. Kubwekea wapita njia kunapungua sana mkiziba nondo za geti kwa ubao au turubai mpaka juu ya usawa wa macho yake. Kujibizana na mbwa wa jirani kunapungua mkihamishia pa kulala nyuma ya nyumba. Kufoka “nyamaza we!” dirishani hakusaidii, kwake hiyo ni sauti ya mwenzake aliyeamka kumuunga mkono. Badala yake, mchana mfundisheni neno: abweke mara tatu, semeni “basi” mara moja, kipande kiwe puani, akinusa amenyamaza, kwa sababu hawezi kunusa kwa makini huku anabweka. Zikipita sekunde mbili za kimya apewe, kisha tano, kisha thelathini.

Kuna kubweka kwa namna nyingine: nyumba ikibaki tupu tu, kukianza ndani ya nusu saa ya kwanza, pamoja na kuparua mlango na kutokwa mate. Hiyo ni hofu ya kuachwa, na “basi” haiigusi. Tokeni kwa sekunde kumi mrudi kabla hajaanza, kisha thelathini, kisha dakika mbili, kwa siku nyingi, bila kuaga wala kushangilia mkirudi.

Ndala zilizotafunwa: ziwekeni juu. Mbwa wa miezi minne hadi sita anabadilisha meno na lazima atafune. Mpeni kipande cha kamba nene ya katani kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friza, na mtu awepo akikitafuna asije akameza nyuzi. Na msimpige kwa ndala ya saa tano asubuhi mkimkuta saa kumi jioni. “Anajua kosa lake, mwone anavyojikunyata!” Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima hilo hasa, akakuta kwamba uso wa “hatia” hutokea pale mwenye mbwa anapomfokea, awe mbwa amekosa au hakukosa. Anausoma uso wenu.

Sahani ni jambo zito kwa kuwa kuna watoto, na zoezi hili ni la mtu mzima peke yake. Kwanza mlisheni mara mbili kwa siku, maana anayepata mara moja kwa siku ana sababu ya kulinda. Mahali pa kulia pawe ambapo hakuna anayepita. Kisha, akiwa anakula, piteni mita tatu kutoka kwake bila kusimama, mkitupa kipande cha maini karibu na sahani, mwende zenu. Mara tano kila mlo. Baada ya siku chache akianza kuinua kichwa na mkia mlegevu mnapotokea, iwe mita mbili, kisha moja. Mwili ukikakamaa, akila kwa pupa au weupe wa jicho ukionekana, mmesogea mno. Msimpokonye sahani “ajue nani mkubwa”. Mnathibitisha tu kwamba alikuwa na haki ya kuwahofia. Na msimpige akinguruma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, na siku nyingine hung'ata bila hodi.

Kabla ya yote haya, daktari wa mifugo amwone. Sikio lililooza ndani au kupe katikati ya vidole humfanya mbwa mpole kuwa mkali akiguswa. Kumhasi kunapunguza kuzurura na kukojolea kuta, lakini msitegemee kumfanye aache kuvamia wageni. Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi mitatu, irudiwe kila mwaka. Mbwa aliyebadilika ghafla katika siku chache, anayeng'ata mawe na miti, sauti imekwaruza, taya limelegea, mate yanachuruzika, huyo si wa gunia na maini: msimsogelee, mwiteni ofisa mifugo. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo. Mbwa aliyeng'ata lakini anaonekana mwenye afya hufungiwa na kuangaliwa siku kumi, lakini mtu hasubiri siku hizo, kwa sababu dalili zikishatokea kwa binadamu ugonjwa huu huua karibu kila mara.

La mwisho ni kibao. Kile cha “Mbwa Mkali” (wenzetu wa Kenya huandika “Mbwa Kali”, na mwizi anaelewa vilevile) kibaki, lakini chini yake ongezeni: “Gonga, subiri ufunguliwe.” Kumpeleka mbwa kwenye gunia au bandani kunachukua nusu dakika, na mgeni anayejifungulia mwenyewe hawapi hiyo nusu dakika.