Ramani kongwe usiitie selotepu

Marehemu babu alifanya kazi Moshi ujanani mwake. Alipofariki, ndani ya kasha lake tulikuta ramani ya Kilimanjaro iliyokunjwa ikakunjika. Mkunjo mmoja ulikuwa umechanika pale khasa ninapopapenda: njia inayokatiza uwanda wa juu baina ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Nikachukua selotepu nikabandika. Nilidhani nimeiponya.

Masika tatu hazijesha, selotepu imegeuka rangi ya chai kavu. Gundi ilishalowea kwenye karatasi, na nilipoibandua ikang'oka pamoja na mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Alipopita babu sasa pana mchirizi mtupu.

Basi ukiwa na ramani kongwe nyumbani, kwanza ipige picha, kivulini, kipande kwa kipande. Mpasuko usiuguse, muachie aliyesomea kutunza nyaraka, na pa kuanzia kuulizia ni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Kisha ilaze, usiikunje tena. Hapa kwetu adui ni unyevu. Kuta za Mji Mkongwe zinavuta maji, na karatasi ukiitundika hapo itaota ukungu. Yangu nimeilaza kabatini baina ya karatasi safi, juu yake ubao bapa. Kaskazi ikivuma huitoa ikapata hewa, mbali na jua. Na moshi wa udi waachieni nguo.

Lakini isomeni pia, jamani. Kilele kikiandikwa Uhuru, imechapwa baada ya Disemba 1961. Yetu haina neno hilo, na pambizoni inasema Tanganyika. Ukiona Kibo ina 19,340, usishtuke, hizo ni futi: zidisha kwa 0.3048 utaipata ile 5,895 tuliyofundishwa skuli. Kipimo kikiwa 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Njia yenye mapindi ifuate kwa uzi, kisha uzi ndio uupime kwa rula.

Halafu igeuze. Nyuma ya yetu babu ameandika kwa penseli saa alizotembea toka kibanda hadi kibanda, na chini yake jina la bibi. Dada yangu alishashika raba, akidhani ni uchafu. Nilimwahi mkono.